Rekodi ya bondia haisomwi kwa tarakimu tatu peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo limeniuma kwa miaka mingi na ambalo safari hii nimeshindwa kulinyamazia. Jumamosi iliyopita ukurasa wa michezo wa gazeti lako ulitangaza pambano la raundi nane litakalopigwa Dar es Salaam mwezi ujao, na chini ya picha za mabondia wawili ziliwekwa takwimu zao: mmoja ameshinda mara 14 na hajapoteza hata pambano moja, mwingine ameshinda mara 6, amepoteza mara 11 na kutoka sare mara 2. Mwandishi wako alihitimisha kwamba huyu wa pili, kijana wa hapa Mwanza, anapelekwa kumwongezea mwenzake idadi ya ushindi, na kwamba mashabiki wasitarajie ushindani wowote.

Kijana huyo namfahamu. Nimemfunga bendeji mikononi tangu alipokuwa na miaka 15, katika banda letu la mazoezi hapa Mabatini, na karibu kila alipopanda ulingoni nilikuwa kwenye kona yake nimeshika ndoo na taulo. Jina lake silitaji, kwa sababu hakunituma niandike, na kwa sababu walio katika hali yake ni wengi, hapa Mwanza na katika miji mingine ya kandokando ya ziwa, na sidhani kama Tanga na Morogoro mambo ni tofauti.

Sibishi kwamba amepoteza mara 11. Ninachobisha ni kuzisoma tarakimu hizo kana kwamba ndizo kipimo cha uwezo wake, bila kuuliza alipigana na nani, wapi, baada ya kuarifiwa siku ngapi kabla, na nani alikaa mezani kuhesabu pointi. Kati ya mapambano hayo 11, 9 alipigana ugenini, nyumbani kwa mpinzani. Amepoteza 9 kwa pointi, moja lilisimamishwa baada ya nyusi yake kupasuka walipogongana vichwa, na moja tu alipigwa KO, yaani aliangushwa akashindwa kuendelea, na hilo alipigwa kwelikweli wala sina la kumtetea. Mara 6 aliitwa zikiwa zimebaki siku chini ya saba.

Niruhusu nieleze mojawapo ya mara hizo 6, maana mtu ambaye hajawahi kuiona safari ya namna hiyo hawezi kuelewa ninachosema. Simu iliingia Jumatano saa mbili usiku. Bondia aliyekuwa amepangwa ameumia, pambano ni Jumamosi, anatakiwa mtu wa kilo 61, nauli itatumwa na malipo ni baada ya pambano. Kijana wangu siku hiyo alikuwa na kilo 65, kwa sababu hakuwa na pambano lolote mbele yake na alikuwa anashinda Igogo akibeba mizigo ya watu. Nilimwambia tukatae. Akanijibu, "Kocha, nikikataa leo, hawatanipigia tena." Alfajiri ya Alhamisi tulipanda basi Nyegezi. Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100, na safari nzima alikaa kwenye kiti kilichopigwa jua, amevaa fulana mbili na koti la nailoni juu yake, hajagusa maji, akitafuna ubani na kutema mate kwenye chupa ya plastiki aliyoishika katikati ya magoti. Abiria wa kiti cha nyuma walidhani ni mgonjwa. Tulipofika Singida chupa ilikuwa imefika nusu, midomo yake imepasuka, na mwenye basi aliposimama watu wale chakula yeye alishuka akaruka kamba ya kufikirika nyuma ya choo cha abiria kwa dakika 20. Tuliingia Dar es Salaam usiku wa manane. Ijumaa mchana alipanda mizani, uzito ukakubali, na ndipo akanywa maji.

Jumamosi usiku aliongoza raundi tatu za mwanzo, na nasema hivyo nikiwa mtu ambaye amekaa kwenye kona miaka mingi kiasi cha kujua tofauti ya kuongoza na kutamani kuongoza. Raundi ya nne miguu ilikufa. Alimaliza raundi sita akiwa amesimama, akapoteza kwa pointi, na tukarudi Mwanza na fedha ambayo baada ya kukatwa chakula na malazi haikufika nusu ya tuliyoahidiwa. Ukienda leo katika mtandao wa BoxRec, ambako mapromota, waandishi na vyama vya dunia nzima huchungulia rekodi za mabondia, safari ile yote ni kimraba kimoja chekundu, alama ya pambano lililopotezwa. Hapajaandikwa chupa wala basi. Hapajaandikwa kwamba mpinzani wake alikuwa ameiandalia siku hiyo wiki nane.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na katika mchezo wetu msemo huo hufanya kazi hata bila mtu kupewa rushwa. Promota ndiye anayekodi ukumbi, ndiye anayewalipia maofisa posho na malazi, na tiketi zake hununuliwa na ndugu, majirani na mashabiki wa bondia wa nyumbani. Bondia huyo akipoteza, promota hana cha kuuza mwezi ujao. Jaji amekaa kando ya ulingo, na kila ngumi ya mwenyeji, hata iliyopiga glovu, ukumbi mzima unalipuka, ilhali ngumi ya mgeni inayotua sawasawa kidevuni inapokewa kwa kimya. Jaji naye ana masikio. Raundi iliyo karibu sana, ambayo ingeweza kwenda upande wowote, huenda kwa mwenyeji, na pambano la raundi sita lenye raundi tatu za namna hiyo limekwisha kabla halijaanza. Ndiyo maana sisi watu wa kona tuna kauli kwamba ugenini hushindi kwa pointi, ugenini unashinda kwa KO.

Watanzania wanao ushahidi wa jambo hili kutoka katika maisha ya bondia mmoja wanayempenda wenyewe. Tarehe 8 Septemba 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga alipanda ulingoni Birmingham, Uingereza, akiwa ameitwa zikiwa zimebaki siku chache, kupigana na Sam Eggington, aliyekuwa amewahi kuwa bingwa wa Ulaya. Usiku huo watu walikuwa wamemfuata bondia wao mashuhuri Amir Khan, aliyepigana pambano kuu. Huyu Mtanzania kwao alikuwa mgeni wa kupitisha muda, na takwimu zake hazikumtisha mtu yeyote pale. Raundi ya pili mwamuzi alilazimika kumwokoa Eggington. Nchi nzima ilishangilia, nami nilishangilia, lakini naomba tukumbuke kilichotokea: kama Mwakinyo angemaliza raundi zote usiku ule na majaji wakampa mwenyeji raundi mbili tatu za utata, leo lingekuwa pambano jingine alilopoteza, na baadhi yetu tungelitumia kuthibitisha kwamba hana kiwango cha kimataifa. Uwezo ungekuwa uleule na mikono ileile.

Baada ya miezi 14 mambo yaligeuka. Novemba 2019, katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, Mwakinyo ndiye aliyekuwa mwenyeji mwenye jina, na aliyeletwa alikuwa Mfilipino Arnel Tinampay, ambaye katika rekodi yake alikuwa amepoteza zaidi ya mapambano 20, karibu sawa na aliyoshinda. Nakumbuka jinsi tulivyozungumza vijiweni wiki ile: tumeletewa kibonde. Kibonde huyo alisimama raundi 10 bila kurudi nyuma, akamsukuma bingwa wetu kwenye kamba, na Mwakinyo alipotangazwa mshindi kwa uamuzi wa majaji ambao haukuwa wa kauli moja, wapo mashabiki wengi wa Kitanzania, waliomlipia tiketi Mwakinyo, walioondoka wakisema waziwazi kwamba Mfilipino ameibiwa. Simkosei heshima Mwakinyo, ambaye ni bondia wa kweli. Nasema tu kwamba usiku ule tulioneshwa kwa macho yetu zile nyekundu 20 na ushei za Tinampay zilitoka wapi. Alikuwa mtu wa kusafiri. Na alipoondoka kwetu aliondoka na nyekundu nyingine, tuliyomwongezea sisi.

Duniani mfano unaotajwa zaidi ni wa Mmarekani Emanuel Augustus, ambaye alimaliza kazi yake akiwa ameshinda mara 38, amepoteza 34 na kutoka sare 6. Ukiwaonesha takwimu hizo watu wasioujua mchezo watakwambia ni bondia wa kawaida kabisa. Mwaka 2000 alipigana na Floyd Mayweather, ambaye wakati huo alikuwa bingwa wa dunia na ambaye hatimaye alistaafu na ushindi 50 bila kupoteza. Kona ya Augustus ilisimamisha pambano raundi ya tisa, lakini miaka mingi baadaye Mayweather, akiwa ameshapigana na mabingwa kama Oscar De La Hoya na Miguel Cotto, aliulizwa nani alimpa kazi ngumu kuliko wote, akamtaja Augustus. Mwaka uliofuata, 2001, Augustus na Mmarekani mwenzake Micky Ward walipigana pambano ambalo jarida la ngumi la The Ring lililichagua kuwa pambano la mwaka. Na mwaka 2004, huko Michigan, nyumbani kwa mpinzani wake Courtney Burton, majaji walimnyima ushindi mbele ya kamera kwa namna ambayo mchambuzi wa televisheni, Teddy Atlas, alishindwa kuficha hasira yake hewani. Hiyo nayo imo katika zile 34, haina alama ya kuitofautisha na nyingine. Augustus alikuwa anakubali kila simu inayoingia.

Naweza kutaja pia Orlando Salido wa Meksiko, aliyeanza ngumi za kulipwa akiwa bado mtoto wa miaka 15 na kupoteza ovyo katika miaka ya mwanzo, ambaye Machi 2014, akiwa na mapambano 12 aliyopoteza, alimshinda Vasyl Lomachenko, mshindi wa medali mbili za dhahabu za Olimpiki. Haki inanitaka niseme kwamba Salido siku hiyo alizidisha uzito. Lakini jambo hilo nalo halionekani katika tarakimu: Lomachenko ana nyekundu yake, na asiyejua hatajua kwamba aliyempiga alikuwa mzito kuliko kikomo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo waandishi wako wa Dar es Salaam hawawezi kulijua wasipofika huku. Rekodi ya kijana wangu haijakosewa kusomwa tu, haijakamilika. BoxRec huandika kile inacholetewa na wasimamizi wa pambano. Mapambano ya Dar es Salaam huletwa, kwa sababu yana promota mwenye ofisi na ofisa wa kujaza fomu. Mapambano yanayopigwa kwenye ukumbi wa baa Geita, kwenye uwanja wa shule Sengerema, Nansio siku ya sikukuu au Lamadi wakati wa mnada, mara nyingi hayafiki popote. Mimi nina daftari la kurasa 96, la jalada gumu, ambalo nimeandika kila pambano la kila kijana niliyemfunga bendeji: tarehe, mahali, uzito, raundi, majina ya majaji kama walijulikana, na matokeo. Kurasa za mwanzo zililowa tulipovuka kwa mtumbwi kutoka Ukerewe na wino umesambaa, lakini zinasomeka. Katika daftari hilo kijana mnayesema ameshinda mara 6 ana ushindi mwingine 7, minne kati ya hiyo kwa KO, ambao hauko katika mtandao wowote. Kwa hiyo ushindi anaoupata nyumbani hauhesabiki, na pambano analopoteza ugenini halisahauliki. Ningemwonesha mtu yeyote takwimu zilizokusanywa kwa utaratibu huo, angesema hazifai hata kwa kuhesabia kuku.

Upande wa pili wa shilingi ni zile rekodi zinazong'aa. Pale Mwaloni Kirumba hakuna mfanyabiashara anayenunua gunia la dagaa kwa kutazama wale wa juu. Anazamisha mkono hadi chini, anatoa konzi, anaangalia kama kuna mchanga, kwa sababu anajua dagaa walioanikwa chini hubeba mchanga, na mchanga una uzito. Bondia aliyeshinda 14 bila kupoteza naye azamishiwe mkono. Nimeona kwa macho yangu kijana aliyekuwa na jina kubwa akiletewa mpinzani aliyeokotwa siku mbili kabla, mtu ambaye hakujua hata kuvaa kinga ya meno, akaanguka raundi ya kwanza kwa ngumi ya tumbo ambayo hata mimi nisingeanguka, na kesho yake gazeti moja likaandika kwamba chipukizi ameendeleza moto. Promota aliyelipanga pambano lile alijua anachofanya. Mwamba ngoma huvutia kwake. Anayedhurika ni wawili: yule aliyeokotwa, ambaye angeweza kufa pale, na yule mwenye rekodi, ambaye siku atakapokutana na mtu aliyefundishwa atagundua mbele ya watu kwamba hajawahi kupigana.

Nisieleweke kwamba kila bondia anayepoteza ameonewa. Wapo wasio na uwezo, na wapo waliokuwa nao ukaisha, na hawa wa pili ndio wanaonikosesha usingizi. Mtu aliyepigwa KO mara tatu katika mwaka mmoja anapaswa kuzuiwa, na rekodi ndiyo inayotuambia hivyo. Kwa kazi hiyo nyekundu zake ni za thamani kubwa na zisifichwe. Lakini hata hapo lazima zisomwe moja moja. Mwingereza Peter Buckley, ambaye kwao ni Birmingham hiyohiyo alikong'aa Mwakinyo, alistaafu mwaka 2008 akiwa amepigana mara 300, amepoteza 256, ameshinda 32 na kutoka sare 12. Mtu anaposikia 256 anafikiria mtu aliyekuwa akigaragazwa kila wiki. Ukweli ni kwamba aliyemmaliza kabla ya raundi kwisha alikuwa nadra. Alikuwa fundi wa kujilinda, aliitwa hata siku ileile ya pambano, akawafundisha kazi vijana ambao baadhi yao, kama Naseem Hamed, walikuja kuwa mabingwa wa dunia, kisha akarudi nyumbani mzima. Mapromota wa kule walijua thamani yake, na mabondia waliopita mikononi mwake walimheshimu. Mwandishi wa habari wa kule anayeujua mchezo asingethubutu kusema kwamba Buckley hajui ngumi.

Ninaloomba kwako, Ndugu Mhariri, halihitaji bajeti. Mnapoandika takwimu za bondia, ongezeni mstari mmoja: amepoteza mangapi kwa KO na mangapi kwa pointi, na mangapi kati ya hayo alikuwa ugenini. Taarifa hizo zipo katika mtandao uleule mnaotoa zile tarakimu tatu, tena ukurasa uleule. Kama bondia ameitwa zikiwa zimebaki siku chache, semeni. Na kabla ya kuandika kwamba mtu wa mkoani anakwenda kuongeza idadi, mpigieni simu kocha wake. Wanaosimamia ngumi za kulipwa nchini nao ningewaomba waweke utaratibu wa kuyaandikisha mapambano ya mikoani yanayopigwa kwa kufuata sheria, hata kama ni kwa karatasi inayosainiwa na mwamuzi, daktari na kiongozi wa michezo wa wilaya, ili ushindi wa Sengerema uhesabike sawa na kipigo cha Dar es Salaam.

Nayasema haya kwa sababu maneno yenu yana matokeo. Jumatatu asubuhi kijana alikuja mazoezini na ukurasa ule ameukunja mfukoni. Hakulalamika. Aliufungua akanionesha mahali palipoandikwa 6, 11, 2, akauliza, "Kocha, zile za Geita haziwezi kuingia?" Nikamwambia sijui pa kuzipeleka. Jioni yake promota akapiga simu kutaka kupunguza malipo tuliyokubaliana, na sababu aliyoitoa ni kwamba hata magazeti yanasema huyu si bondia wa kiwango hicho.

Safari hii tumearifiwa wiki sita kabla. Uzito tayari upo chini ya kilo 63, tunapanda mlima wa Bugando mara tatu kwa wiki kabla jua halijachomoza, na kuna kijana wa mkono wa kushoto kutoka Musoma anayekuja kila Jumamosi kupigana naye mazoezini, kwa kuwa huyo wa mapambano 14 anatumia mkono wa kushoto pia. Tunafanya mazoezi kila siku kuanzia saa kumi jioni. Mwandishi wako yeyote aliyeko Mwanza akaribie, aulize banda la ngumi Mabatini ataelekezwa, na daftari nitakuwa nalo.

Wako katika michezo,
Kocha wa ngumi,
Mabatini, Mwanza